Mtepe, Uhuru na kopo la rangi: historia ya vyombo vidogo

Juzi jioni dogo mmoja wa jirani alisimama mlangoni kwangu hapa Mbagala, akakikodolea macho kitu kilichokuwa mezani. Akazunguka upande wa pili, akainama, akachungulia chini yake. Mwishowe akauliza: "Kaka, hii ni meli au ndege?"

Nikamjibu: "Ni chombo."

Hakuridhika, akaondoka zake akicheka. Na wewe msomaji sidhani kama utaridhika, kwa hiyo ngoja nikueleze vizuri. Mezani kulikuwa na kitu cha urefu wa sentimita 62, kimeundwa kwa vipande vya hadibodi, mabomba ya sindano yasiyo na sindano, vifuniko vya chupa za maji na ubao wa saketi niliouchomoa kwenye redio iliyokufa. Mbele kina shingo ndefu iliyoinuka. Ni modeli ya chombo cha kusafiri kati ya sayari, chombo cha kubuni, cha hadithi ya kisayansi ambayo hakuna aliyeiandika bado. Duniani kuna watu wazima wengi tu wanaofanya kazi hii na kuipenda. Wenzetu wananunua vifaa vyake dukani kwenye maboksi. Sisi wa huku tunaokota.

Jibu nililompa yule dogo halikuwa la kumkwepa. Ukisema pwani kwamba "chombo kimeingia", hakuna anayewaza sufuria. Chombo ni jahazi, ni mashua, ni kitu kinachobeba watu na mali juu ya maji. Lugha yetu ilipohitaji neno la vitu vinavyopita juu ya mawingu, ililichukua hilohilo: chombo cha angani. Rubani naye alikuwa mwongoza meli baharini kabla hajapanda kwenye ndege. Yaani Kiswahili kilishaamua zamani kwamba kazi ya baharini na kazi ya angani ni ndugu. Leo nataka nikuonyeshe kwamba hata historia ya modeli zake ni moja, na nianze na modeli ambayo niliipoteza mimi mwenyewe.

Babu yangu mzaa mama alikuwa fundi wa kuunda mashua Kunduchi. Hakuandika chochote maishani kuhusu kazi yake. Vipimo vyake vilikuwa mwilini: shubiri, dhiraa, pima. Alituachia kichombo kimoja kidogo, urefu wa kama mkono wa mtoto, ambacho alikiunda vilevile alivyounda mashua kubwa, na mkuku wake, mbao zake, mataruma yake ndani. Kilikaa juu ya kabati la mama. Nilikuwa na miaka saba au minane, masika ilikuwa imejaza mtaro wa mtaa wetu, nikakishusha nikakiweka majini. Kilikwenda vizuri sana, na hiyo ndiyo ikawa shida yenyewe. Kiliingia chini ya kalavati, nikakimbilia upande wa pili kukipokea, hakikutoka. Babu alifariki mwaka uliofuata. Hakuna aliyenichapa wala kunisema, na pengine ndiyo maana sijasahau.

Miaka ikapita, nikaingia chuo, nikajikuta nasoma uhandisi wa vifaa, na siku moja kwenye somo la miundo nikajiuliza swali dogo: Babu alikuwa anaanza na nini, mbavu au mbao? Jibu lilikuwa juu ya kabati la mama miaka yote ile. Ungekipindua tu kile kichombo ukaangalia.

Shikilia hapo, tutarudi Kunduchi. Sasa twende Lamu.

Kuna chombo kinaitwa mtepe. Kama hujawahi kukiona si kosa lako, kwa sababu hakuna mtu wa rika letu aliyekiona kikisafiri. Kiliundwa na mafundi wa visiwa vya Lamu, hasa Wabajuni, na ajabu yake kubwa ni kwamba kilishonwa. Si kwa misumari ya chuma. Mbao zilipangwa ubavu kwa ubavu, zikashikwa na vijiti vya mti vilivyozama ndani, halafu zikatobolewa matundu pembezoni na kushonwa kwa kamba za makumbi ya nazi kama unavyoshona kiraka. Tanga lake halikuwa la pembetatu kama la jahazi. Lilikuwa la mraba, tena halikuwa la kitambaa. Lilisukwa kwa miyaa, kama mkeka au jamvi. Omo yake ilikuwa ndefu, imetoka mbele na kuinuka kama shingo ya ngamia, na kuna masimulizi ya pwani yanayosema ni mfano wa ngamia wa Mtume. Mbele pale kulichorwa macho, moja kila upande.

Uundaji huu ni mkongwe kupita maelezo. Katika karne ya 1, baharia mmoja aliyeandika kwa Kigiriki mwongozo wa bahari yetu, ule unaojulikana kama Periplus, alitaja soko la mwisho la pwani hii lililoitwa Rhapta, na akaeleza kwamba jina hilo limetokana na mashua za kushonwa. Rhapta ilikuwa mahali fulani kwenye pwani ambayo leo ni Tanzania. Wataalamu wanabishana ni wapi hasa. Kwa hiyo ukihesabu kutoka pale, teknolojia ya kushona vyombo imekaa kwenye maji haya karibu miaka 2,000.

Usidhani kushona ilikuwa kwa kukosa akili ya kupiga misumari. Chombo kilichoshonwa kina ulaini fulani. Kikipanda mchangani au kikigusa mwamba, mbao zinacheza kidogo na kamba zinanyumbuka, badala ya kitu kupasuka. Kwenye pwani isiyo na gati, ambako chombo kinakalia tope maji yakitoka, hiyo ni sifa kubwa. Gharama yake ni kwamba kilivuja, kilitaka watu wa kupiga maji mchana na usiku, na kamba zilitaka kubadilishwa. Na kama bado unaona kushona ni ushamba, kumbuka nguo za wanaanga wa Apollo waliotembea mwezini. Zilikuwa na tabaka 21, na zilishonwa kwa cherehani na mafundi wanawake wa kampuni moja ya Marekani ambayo wengi waliijua kwa sidiria. Walishona kwa usahihi wa hali ya juu kwa sababu tundu moja lisilo mahali pake lingeweza kumuua mtu.

Mtepe ulibeba boriti za mikoko kutoka Lamu kuteremka hadi Mombasa na Unguja. Boriti hizo ndizo zilizoshikilia dari za nyumba za mawe, ndiyo maana vyumba vya zamani vya Mji Mkongwe ni vyembamba: upana wa chumba ni urefu wa boriti. Kisha misumari ikawa rahisi, majahazi yakachukua kazi, na kufikia miaka ya 1930 mitepe ilikuwa imekwisha baharini. Haikupigwa marufuku na mtu yeyote. Iliachwa tu, mmoja baada ya mwingine, mpaka siku ambayo hakukuwa na mwingine wa kuuacha.

Kilichobaki ni picha chache, maelezo ya watu waliouona, na modeli. Ukienda makumbusho ya Lamu utazikuta modeli za mtepe, na nyingine zilisafiri mbali zaidi kuliko vyombo vyenyewe. Sijui kama mafundi waliozitengeneza walidhani wanatunza kitu. Nadhani wengine waliunda ili wauze, wengine kwa kupumzika baada ya kazi, kama Babu. Lakini mwaka 2003, Zanzibar ilipotaka kuwa na mtepe tena, wa ukubwa kamili, ndani ya Beit al-Ajaib, hakukuwa na mtepe wa zamani wa kuupima kwa futi kamba. Kumbukumbu za aina hiyo ndizo zilizokuwepo: maandishi, picha, vyombo vidogo, na mikono ya mafundi wanaojua mbao. Mtepe ukaundwa, ukapewa jina la Shungwaya.

Halafu tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib ikaporomoka. Jengo lile la Sultani Barghash lilisimama tangu 1883. Lilipigwa mizinga ya Waingereza mwaka 1896 likabaki. Niliona picha za kifusi kwenye simu nikiwa kwenye daladala la Rangi Tatu, na nakiri kitu cha kwanza nilichowaza baada ya watu ni mtepe. Kitu kikubwa kinakaa mahali pamoja, na mahali pamoja panaweza kuanguka. Kitu kidogo kinaweza kuwa Lamu, kikawa na mwenzake Ulaya, kikawa na mwingine juu ya kabati la mtu.

Lakini modeli nazo zinadanganya, na hapa ndipo sayansi inapoingia. Tuseme kamba ya mtepe halisi ina unene wa milimita 6. Kwenye modeli ya kipimo cha 1:30 kamba hiyo inatakiwa iwe milimita 0.2, nyembamba kama uzi wa kushonea nguo. Nani atatoboa matundu hayo yote kwenye mbao za unene wa kadi? Fundi mwenye akili atatumia uzi mnene zaidi na matundu machache zaidi, ili macho yako yaone "hiki kimeshonwa". Kwa hiyo ukihesabu mishono ya modeli ukadhani umejua mishono ya mtepe, umepotea. Mpangilio wa mbao unaweza kuuamini zaidi. Umbo la omo, kiasi. Idadi ya mishono, hapana.

Uongo wa pili ni wa nguvu. Ukipunguza chombo mara 30, uzito wake unapungua mara 30 x 30 x 30, yaani mara 27,000. Lakini nguvu ya ubao inategemea eneo la ule ubao ukiukata, na hilo linapungua mara 900 tu. Ina maana modeli ina nguvu mara 30 zaidi ya chombo halisi ukilinganisha na uzito wake. Ndiyo maana kile kichombo cha Babu kiligonga kingo za mtaro mara kumi bila hata kulegea. Na ndiyo maana modeli haiwezi kukuhakikishia kama chombo kikubwa kitabeba mzigo. Hilo utalijua ukiunda kikubwa.

Wazungu wa filamu walikutana na matatizo hayahayo wakitokea upande mwingine. Wao hawakuwa wanakumbuka chombo kilichopotea. Walikuwa wanatengeneza ushahidi wa chombo ambacho hakijawahi kuwepo. Uingereza mwaka 1965, kwenye tamthilia ya Thunderbirds, Derek Meddings alilipua na kuangusha modeli kila wiki, na shida ikawa muda. Kitu kidogo kinaanguka upesi mno, macho yanagundua kwamba ni mdoli. Hesabu yake ni nzuri: muda wa kuanguka unafuata kipeuo cha pili cha kimo. Modeli ikiwa 1:25, kipeuo cha 25 ni 5, kwa hiyo unatakiwa upunguze mwendo mara 5. Filamu ya kawaida ni picha 24 kwa sekunde. Piga picha 120 kwa sekunde halafu uonyeshe kwa mwendo wa 24, na kilo mbili za mbao zitaanguka kama tani. Hiyo 120 ndiyo waliyoitumia mara nyingi.

Miaka mitatu baadaye ikatoka 2001: A Space Odyssey ya Stanley Kubrick. Modeli kubwa ya chombo chao, Discovery, ilikuwa na urefu wa kama mita 16. Daladala mbili za Coaster zikifuatana foleni Mbagala hazifiki hapo. Mwaka 1977 Star Wars ikaenda kinyume. Ile meli kubwa ya kutisha inayopita juu ya kichwa chako mwanzoni kabisa, mpaka unadhani haiishi, ilikuwa modeli ya sentimita 91. Chombo kidogo kinachokimbizwa nayo ndicho kilikuwa na modeli kubwa zaidi, karibu mara mbili. Nilipolijua hili nilicheka peke yangu.

Waliwezaje? Kwa takataka. Mafundi wale walinunua maboksi ya modeli za vifaru, magari na meli za kivita, wakatupa maelekezo, wakachukua vipande na kuvigandisha ovyoovyo kwa mpangilio juu ya ngozi ya chombo. Ekzosi ya gari ikawa bomba la kupozea. Tairi la kifaru likawa mdomo wa injini. Jicho la mtazamaji halina la kulinganisha angani, hakuna mti wala mtu amesimama pembeni. Linachukua vitu vidogo linavyoviona na kuhesabu: kama kuna mabomba mengi hivi, basi kitu hiki ni kikubwa. Ukiacha ngozi tupu, chombo chako kinakuwa sabuni.

Sasa niambie, mtoto gani wa Temeke au Kinondoni hajui kazi hiyo? Gari la waya lenye usukani mrefu, matairi ya kandambili, taa za vifuniko vya soda. Sisi tulikuwa tunafanya hivyo kwa shida na wao kwa makusudi, lakini kanuni ni ileile, kitu kinapata maana mpya kutokana na jirani yake. Kampala, mtaa wa Wakaliga, kundi la filamu la Isaac Nabwana limekuwa likitengeneza bunduki zake za filamu kwa vyuma chakavu, na dunia nzima imezitazama. Pengo letu halikuwa ufundi.

Kuhusu rangi sisi tuna la kujivunia kabisa. Wajenzi wa modeli wa Ulaya kwa miaka mingi walitumia rangi ya mafuta kwenye vikopo vidogo. Mwaka 1968, wakati Kubrick anaonyesha filamu yake, Edward Saidi Tingatinga alikuwa Msasani, hapahapa Kinondoni, anachora wanyama kwenye vipande vya mraba vya hadibodi kwa rangi ya mafuta ya dukani, ile ya kupakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972, miaka minne tu tangu aanze, na mtindo wake ukabaki na jina lake. Rangi ile inakauka polepole, inajisawazisha yenyewe, mipigo ya brashi inapotea. Kwa modeli hiyo ni dhahabu. Mng'ao wake ndio tatizo. Kwa mnyama wa Tingatinga mng'ao ni uzuri, lakini kwa chombo cha kubuni unamwambia mtazamaji "mimi ni mdogo", kwa sababu taa yako ya chumbani inaonekana imekaa juu yake kama jua. Unene nao ni adui. Tabaka la rangi la milimita 0.1 kwenye modeli ya 1:72 ni sawa na milimita 7.2 kwenye chombo halisi. Nani anapaka meli rangi yenye unene wa kidole? Ndiyo maana tunaipunguza kwa thina, tunapaka tabaka jembamba, tunasubiri siku nzima, tunapitisha msasa laini, tunarudia. Halafu tunachafua: masizi kidogo karibu na injini, kutu kidogo kwenye maungio. Chombo kisicho na uchafu hakijasafiri.

Naomba nikurudishe kwenye maji ya mtepe. Ukisafiri kutoka Lamu kwenda Malindi unapita ghuba ya Ngwana, na kila mtepe wenye boriti ulipita hapo. Katika miaka ya 1960 Waitaliano wakiongozwa na Luigi Broglio wakaja wakasimamisha majukwaa ya chuma kwenye ghuba hiyohiyo, wakaiita San Marco, kwa sababu karibu na ikweta mzunguko wa dunia unakupa msukumo wa bure. Tarehe 26 Aprili 1967 wakarusha satelaiti yao ya kwanza kutoka hapo. Na tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, roketi ya Scout ikapaa ikiwa na satelaiti ya Wamarekani ya kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka kwenye nyota. Wakaipa jina la Kiswahili: Uhuru. Ilikuwa satelaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa kazi hiyo peke yake. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339, na vipimo vyake vya Cygnus X-1 vilisaidia kuwashawishi wanaastronomia kwamba mashimo meusi si hadithi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata Nobel mwaka 2002.

Hebu linganisha miaka. Mtepe wa mwisho ni miaka ya 1930. Satelaiti ya kwanza ni 1967. Mtoto aliyesimama ufukweni akaona mtepe ukipita ghuba ile angeweza kabisa, akiwa mtu mzima asiyezeeka sana, kuona roketi ikitoka kwenye maji yaleyale. Unguja nako, kituo cha Wamarekani cha kufuatilia vyombo vya Mercury kilikuwepo, na John Glenn alipoizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962 sauti yake ilipokelewa hapo. Baada ya Mapinduzi ya 1964 kituo kikafungwa. Kule San Marco roketi ya mwisho iliruka mwaka 1988. Scout yenyewe haitengenezwi tena. Na mimi hadi leo sijakutana na hata dirisha moja la duka la vinyago Dar lenye modeli ya Scout au ya Uhuru. Majahazi, yapo. Twiga, tele.

Ndipo nikaamua kuunda hicho ulichomsikia dogo akikiulizia. Ni mtepe wa angani. Nimechukua ile shingo ya ngamia nikaweka hapo chumba cha rubani. Macho nitayachora mwisho. Tanga la mraba sikulazimika kubuni, kwa sababu lipo: mwaka 2010 Japani ilirusha IKAROS, chombo kilichosukumwa na mwanga wa jua wenyewe, na tanga lake lilikuwa mraba wa kama mita 14 kila upande, unene mikromita 7.5, karibu sehemu ya kumi ya unywele. Langu nimelikata kwenye karatasi ya ndani ya pakiti ya maziwa ya unga, halafu nikalichora mistari ya ukili. Kwa kipimo changu cha 1:100 karatasi hiyo ni nene kupindukia, lakini ndio uongo ninaoukubali.

Hasara nimeipata. Jaribio la kwanza la kiwiliwili nililichonga kwenye lile povu jeupe linalokuja na boksi la televisheni, nikalipulizia rangi ya kopo moja kwa moja. Asubuhi nilikuta kitu kama embe lililoliwa na popo. Viyeyushi vilivyomo kwenye rangi ya kupuliza vinayeyusha povu. Nimesoma kemia yake darasani na bado nikafanya. Ukitaka kutumia povu, lifunike kwanza kwa rangi ya maji au gundi ya mbao.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, na sikuligundua mimi. Jumapili iliyopita Mjomba alikuja kutoka Kunduchi kumsalimia mama. Bado anarekebisha mashua za watu, anapiga kalafati ingawa macho yamechoka. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaketi, akakivuta kile chombo karibu na dirisha. Sikumwambia ni cha angani. Akakipima kwa shubiri kutoka omo hadi tezi, akaingiza kidole kwenye tundu la chini ambalo sijaliziba.

"Umeanza na mataruma," akasema.

Kweli. Nilikata mbavu 11 za hadibodi, nikazisimamisha kwenye mkuku, ndipo nikazivalisha ngozi. Ndivyo vitabu vyangu vinavyofundisha. Lakini mtepe ulikwenda kinyume kabisa, na hili nililisoma miaka miwili iliyopita nikalisahau mikononi: mbao zinashonwa kwanza hadi umbo la chombo linasimama lenyewe, mataruma yanaingia baadaye kufuata mbao. Ngozi ndiyo inayobeba. Hata roketi ya Atlas iliyompandisha Glenn ilikuwa hivyo: matangi ya chuma kisichopata kutu, sehemu kubwa unene haufiki milimita 1, hayana mbavu ndani, yanasimama kwa sababu ya presha iliyomo. Ukiitoa, yanajikunja. Nimeunda chombo chenye sura ya mtepe juu ya mifupa ya kitu kingine.

"Na Babu je, Mjomba?" nikauliza. "Alikuwa anaanza na nini?"

"Mashua si mtepe, ile ya misumari. Lakini baba alikuwa anapanda na mbao chache za chini kwanza. Zikishakaa, anakata mataruma kuzifuata. Hakuwa anasimamisha mbavu zote kama mabanda ya kuku."

"Mbao ngapi?"

Akafikiri, akafungua mkono akauangalia kana kwamba hesabu iko huko. Mimi sikuwahi kushika kazi ya chini, akasema, kijana wake alikuwa kaka yetu mkubwa, na huyo hayupo. Halafu akanyamaza kidogo.

"Si ilikuwa kwenye kile kichombo?"

Mama alikuwa jikoni, nadhani alisikia. Mjomba alikunywa chai, akaondoka na basi la saa kumi. Usiku nikakiweka chombo chini ya taa, nikapasha kisu moto, nikaanza kuitoa ngozi upande wa kushoto, kipande kwa kipande, kila kimoja nakiandika namba nyuma kwa penseli. Mbavu nimezitoa saba, bado nne. Mbao mpya nimeanza kuzikata kwenye makasha ya nyanya ya soko la Mbagala. Matundu natoboa kwa sindano ya cherehani niliyoifunga kwenye kalamu, na uzi ni ule wa wavuvi, mwembamba kuliko wote niliopata. Mishono haitakuwa idadi sahihi. Nimeandika ubavuni, ndani, mahali ambapo atakayekipindua atapaona: kipimo 1:100, mishono imepunguzwa, mbao kwanza, mataruma baadaye.